Nimelipia Daraja la Fedha kwenye maktaba ya chuo, Tabora

Kwanza bei, maana ubao wa bei ndio unaokupokea mlangoni kabla ya binadamu yeyote. Mwanafunzi wa chuo anaingia kwa kitambulisho chake, ada imeshamlipia. Mtu wa nje kama mimi anachagua: Daraja la Kawaida shilingi 5,000 kwa mwezi, Fedha 15,000, Dhahabu 30,000. Unalipa kwa Lipa Namba, unaonyesha ujumbe kwenye simu, dada wa mapokezi anakupiga picha na kukutolea kadi palepale. Hilo nawapongeza bila kinyongo, kwa sababu kadi ya zamani ilidai barua ya mwajiri, picha mbili za pasipoti na subira mpaka mhusika arudi kutoka semina, na mhusika alikuwa mtu wa semina kwelikweli.

Nafundisha jiografia sekondari mjini hapa na nasoma uzamili kwa masafa. Chuo changu kiko mbali, kwa hiyo maktaba hii ya jirani ndiyo tegemeo. Jina lake silitaji. Mji wetu ni mdogo, wafanyakazi wa pale ni watu ninaosalimiana nao sokoni, na wengi wao hawakuombwa ushauri kuhusu haya ninayoyaandika. Tasnifu yangu inahusu mizinga ya magome na misitu ya miyombo: mfugaji wa nyuki akiuvua mti gome pande zote apate mzinga, mti unakufa, na bado asali ya Tabora inasifiwa nchi nzima. Ni mada ambayo ungetegemea maktaba ya Tabora iwe na kitu cha kusema.

Miaka michache iliyopita uongozi ulibadilika na maktaba ikaamua kujiendesha kibiashara. Akaletwa meneja wa huduma kwa wateja, kijana mchangamfu mwenye shati lililonyooshwa vizuri, aliyetokea kwenye kampuni ya simu. Sisemi hivyo kumdharau. Kuna mambo ambayo wakutubi walishindwa kwa miaka na yeye ameyafanya kwa muhula mmoja. Kila meza ina soketi, na soketi inafanya kazi. Taa za kona ya kaskazini, ambako tulikuwa tunasoma kwa kuinamisha kitabu dirishani, sasa zinawaka. Vyoo vina maji na sabuni. Umeme ukikatika, jenereta linaunguruma kabla hujamaliza kuguna. Na wanafunga saa nne usiku, jambo ambalo kwa mwalimu anayetoka kazini saa kumi jioni, akapitia nyumbani kuinjika ugali wa watoto, halina bei. Siku ya kwanza nilikaa mpaka wananizimia taa, kwa furaha tu.

Kuna mgahawa pia, kushoto ukiingia. Kahawa ya mashine shilingi 3,500, keki 2,000. Kahawa ni nzuri, sitasema uongo. Lakini wanafunzi wanaivuka wanakwenda kwa mama wa nje ya uzio, chai ya tangawizi na maandazi, wanarudi wamejifuta mikono kwenye suruali. Ningekuwa mimi ndiye mwenye mgahawa ningeuza michembe na karanga, ningetajirika kabla ya mitihani.

Sasa hesabu zao. Mlangoni kuna geti la umeme linalohesabu kila anayepita. Vyoo na mgahawa viko nje ya geti. Kwa hiyo kijana akitoka kujisaidia na kurudi, amehesabiwa mtu mpya. Akifuata maandazi kwa yule mama, mtu wa tatu. Mwisho wa mwezi inabandikwa karatasi ya rangi kwenye ubao wa matangazo yenye mshale unaopanda, na chini yake imeandikwa ahsante kwa kutuamini. Wiki za mitihani ya mwisho ndizo mshale unapanda zaidi, na ndizo wiki ambazo ukiangalia mezani hakuna kitabu hata kimoja cha maktaba. Ni madesa, zile nakala za mihadhara, madesa, na madesa yaliyodurufiwa kutoka kwenye madesa ya mwaka jana. Watoto hawa wanakuja kwa ajili ya meza, taa na soketi. Ni haki yao, mtu hawezi kukwepa sapu, mtihani wa marudio, akisomea chumba cha watu sita. Lakini mtu asiniambie kwamba mshale ule unaonyesha maktaba inasomwa.

Ukitoka unakutana na kishikwambi kilichofungwa ukutani, cha aina ileile tuliyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, kikionyesha nyuso tatu: ya kucheka, ya katikati, ya kununa. Unabonyeza unavyojisikia. Jioni moja nilikuwa nasubiri bodaboda pale kivulini, nikamwona mlinzi anapita, anabonyeza ya kucheka, anazunguka geti, anarudi, anabonyeza tena. Nikamtazama. Akacheka mwenyewe.

"Madam, zikishuka chini ya asilimia tisini tunaitwa kikao. Na kikao chenyewe ni Jumamosi."

Nami nikabonyeza ya kucheka, nisimharibie Jumamosi yake.

Kila mwisho wa muhula kuna dodoso refu zaidi. Linauliza kama wafanyakazi wana mavazi nadhifu. Linauliza kama vifaa vinaonekana vya kisasa, kama jengo linavutia, kama unahudumiwa kwa wakati ulioahidiwa. Nililijaza lote nikitafuta swali moja tu, kama nilipata nilichokwenda kutafuta, na halikuwamo. Ajabu ni kwamba dodoso hili nalijua ukoo wake, tulilisoma kwenye kozi ya mbinu za utafiti. Linaitwa SERVQUAL, lina vipengele 22, na waliolitunga ni Parasuraman, Zeithaml na Berry, wataalamu wa masoko wa Marekani, mwaka 1988. Walilijaribu kwa wateja wa benki, wa kadi za mkopo, wa mafundi wa matengenezo na wa simu za masafa marefu. Kwa kazi hiyo ni chombo kizuri. Ukienda benki, ni kweli unataka foleni fupi na mhudumu aliyechana nywele, kwa sababu fedha ni zilezile kaunta yoyote utakayopanga.

Mwaka 2000 maktaba za utafiti za Amerika Kaskazini, zikishirikiana na Chuo Kikuu cha Texas A&M, zilitoa dodoso lao lililotokana na hilo, LibQUAL+. Nao wanaita huduma, nao wanapima matarajio, lakini walikaa na wasomaji wakaongeza mambo yanayohusu kazi yenyewe ya maktaba: kama vitabu na majarida ninayohitaji yapo, kama naweza kujitafutia mwenyewe nikayapata. Letu halikupitia huko. Limetoka benki likaja Tabora moja kwa moja.

Basi twende rafuni, ambako ndiko nilikokuwa na haja.

Sera mpya ni kwamba kitabu kisichoazimwa kwa miaka mitano kinaondolewa kupisha nafasi. Nilipomuuliza meneja alinijibu kwa heshima zote, akaniletea na kiti.

"Madam, asilimia themanini ya uazimaji inatoka kwenye asilimia ishirini ya mzigo. Huo mwingine hautembei. Dukani ungefanyaje?"

Hesabu hiyo hakuiokota barabarani. Mmarekani mmoja, Richard Trueswell, aliiandika kuhusu maktaba mwaka 1969, na baada yake Chuo Kikuu cha Pittsburgh wakatoa utafiti wao mwaka 1979: katika vitabu walivyonunua mwaka 1969, takribani asilimia 40 havikuwa vimeazimwa hata mara moja kufikia mwisho wa 1975. Kwa hiyo kijana ana hoja, na mimi si mtu wa kusema kila karatasi ni takatifu. Pale palikuwa na rafu nzima ya vitabu vya kufundishia kompyuta za miaka ya tisini, vyenye picha za diski zile laini. Viende salama.

Ila hapa kwetu kuazima si kusoma. Vitabu vinavyohitajika na wengi haviruhusiwi kutoka, vinasomewa palepale, na kaunta haiandiki. Kitabu kinaweza kufunguliwa kila wiki kwa miaka kumi na kompyuta ikakihesabu maiti. Halafu kuna vitabu ambavyo kazi yake ni kumsubiri mtu mmoja. Ranganathan, mkutubi wa Kihindi aliyeandika kanuni zake tano za maktaba mwaka 1931, aliweka hilo kuwa kanuni ya tatu: kila kitabu kina msomaji wake. Kanuni ya nne ni kumwokolea msomaji muda, na meneja wetu ameibandika ukutani kwa herufi kubwa karibu na mgahawa. Ya tatu sijaiona popote.

Msomaji wa ripoti moja ya zamani kuhusu nta na asali ya magharibi ya Tanganyika ni mimi. Niliwahi kuishika mikononi nikiwa mwanachuo wa ualimu, jalada la kijani, kurasa za taipureta, na jedwali moja la bei za nta ambalo hadi leo sijaliona kwingine. Nikaingia kwenye katalogi. Zamani walitumia Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Haina leseni ya kulipia na maktaba nyingi za nchi hii zinaitumia. Ilikuwa sura mbaya lakini ilikuwa inatafuta. Sasa wana programu ya kulipia kila mwezi, yenye majalada ya rangi kama duka la mtandaoni. Niliandika "nyuki". Ikaniletea vitabu viwili vya ujasiriamali na kimoja cha kufuga kuku, na chini yake: waliotazama hiki walipenda pia, ikifuatiwa na kitabu cha namna ya kuwa milionea kabla ya miaka thelathini. Mimi nina arobaini na saba.

Nikatafuta kwa jina kamili. Katalogi ikasema ripoti ipo, namba ya rafu ikatoka. Nikapanda ghorofani. Mahali pale pana ua la plastiki ndani ya chungu cheupe na kiti cha uvivu.

Hapa ndipo ilipo kasoro ninayotaka isikike kuliko zote. Nilirudi kaunta, nikamwomba dada anisaidie kutafuta. Akaangalia kadi yangu.

"Samahani mama, wewe uko Fedha. Msaada wa kutafutiwa taarifa ni Dhahabu. Unapata saa moja na mkutubi kila mwezi."

Nikamuuliza, Fedha inanipa nini? Akanisomea: kuazima vitabu viwili kwa wiki, intaneti ya kasi, na viti vya sofa upande wenye kiyoyozi. Dada mwenyewe hana kosa, ana miezi michache kazini, amefundishwa kutabasamu na kuuliza kama kuna kingine chochote. Hakufundishwa vitabu viko wapi. Nadhani hata huko kampuni ya simu mtu wa kaunta hufundishwa laini zinakaa droo gani.

Mkutubi wa Dhahabu ni mzee mmoja ambaye Tabora yote iliyowahi kusoma inamjua. Alisomea kazi yake Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi cha Bodi ya Huduma za Maktaba, na yuko pale tangu jengo lina ghorofa moja. Ukimwambia unaandika kuhusu reli ya kati, hakuonyeshi rafu ya usafiri peke yake. Atakuuliza kama umeangalia kilimo, kwa sababu kuna ripoti za tumbaku zinazotaja nauli za mabehewa. Zamani alikaa kwenye dawati katikati ya ukumbi. Nusu ya walimu wa mji huu waliandika kazi zao za shahada kwa kusimama mbele ya dawati lile wakijikuna kichwa. Dawati limeondolewa. Pale sasa ni sehemu ya sofa, na yeye amepewa chumba cha kioo chenye ratiba mlangoni. Kila nilipopita ratiba ilikuwa tupu, kwa sababu wanafunzi hawana 30,000 ya kumuuliza mtu swali. Bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, likitoka lina wenyewe: kodi, chakula, deni la steshenari. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hata hajui kwamba ana swali. Alikuwa analigundua akiwa anapita karibu na dawati.

Nikamsubiri atoke kwenda kusali Adhuhuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nyuki wamekuuma?"

Nikamweleza kwa haraka, tunatembea. Hakusimama. Akasema jambo moja tu, kwamba viboksi viko chini ya ngazi, nisiende leo. Baada ya muda nilipigiwa simu. Ripoti ilikuwa kwenye boksi la karatasi za kudurufia, ubavuni mtu ameandika kwa kalamu nene HAVITEMBEI, pamoja na kumbukumbu za mikutano ya vyama vya ushirika na atlasi iliyopoteza jalada. Jedwali la bei za nta limo. Nilisomea wapi na kwa muda gani, hilo si la kuandika hapa.

Ningetaka meneja aelewe kwamba hii si hasira ya mteja aliyekosa bidhaa. Ukinitoza nikichapa kurasa, nalipa. Ukinitoza kahawa, nalipa nikitaka, nisipotaka naenda kwa mama wa nje. Sofa nayo uza, hata kwa mnada. Lakini mtu anayejua kilipo kitu na kinahusiana na nini, huyo ndiye maktaba. Vitabu bila yeye ni stoo yenye taa nzuri. Wamechukua kitu hicho kimoja wakakiweka daraja la juu kabisa, kisha wakashangaa hakinunuliwi, na nasikia mwakani nafasi yake mzee akistaafu haitajazwa, kwa kuwa takwimu zinaonyesha huduma haina wateja.

Kuhusu majarida, nitaanza na lililo zuri. Wana kompyuta sita mpya na intaneti haisuasui. Tatizo ni kwamba makala nyingi zinafika mahali zinakudai dola. Dada wa kaunta atakuambia maktaba haiwezi kumudu, na ni kweli haiwezi. Hata wakubwa wanalia. Chuo Kikuu cha California, tajiri yule, mwaka 2019 kilivunja mazungumzo na Elsevier kikakaa bila mkataba mpaka 2021. Elsevier ni kampuni ya kuchapisha majarida ya kitaaluma ambayo faida yake inapita asilimia 30 ya mapato, kwa bidhaa ambayo waandishi wake hawalipwi, wahakiki hawalipwi, na wanunuzi ni vyuo vilevile vinavyowalipa mishahara waandishi na wahakiki hao. Huyo meneja wetu angeonyeshwa biashara kama hiyo pale Soko Kuu angeita polisi.

Lakini sisi tuna mlango wa bure na haufunguliwi. Unaitwa Research4Life. Ulianza mwaka 2002 na Hinari, ya mambo ya afya, chini ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2003 ikaja AGORA ya kilimo chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2006 OARE ya mazingira. Wachapishaji wakubwa, Elsevier wakiwamo, wanatoa majarida yao kwa taasisi zilizosajiliwa katika nchi zenye kipato kidogo, na vyuo vya Tanzania vinaingia kwenye kundi la wasiolipa. Taasisi inajisajili, inapewa jina la kuingilia na nywila, basi. Nyuki, misitu, udongo, vyote vimo. Nikauliza kaunta kama wamesajiliwa. Dada akauliza wenzake, wenzake wakauliza kama ni kifurushi kipya. Meneja akasema atafuatilia, akaandika kwenye simu yake. Mzee, nilipomkuta, akanikatia kipande cha karatasi chenye nywila. Walisajiliwa miaka mingi iliyopita, yeye mwenyewe ndiye aliyetuma fomu. Haipo kwenye ubao wa huduma kwa sababu ubao wa huduma una safu ya bei, na hii haina cha kujaza kwenye safu hiyo.

Nikiipa nyota, naipa tatu kati ya tano. Mbili na nusu ni za meza, taa, vyoo na saa nne usiku. Nusu ni ya kahawa. Mzee simhesabu, kwa sababu nikimhesabu wataona ndiyo huduma inalipa.

Haki ya meneja niitoe pia. Nilikaa naye mara nyingine, ofisini kwake kuna picha kubwa ya maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyofunguliwa 2018 kwa msaada wa China, yenye nafasi za wasomaji 2,100 kwa mpigo. Anataka yetu ifanane nayo. Lakini yetu haina China. Fungu linalotoka utawala, anasema, halitoshi hata bando la intaneti na dizeli ya jenereta, na kila mwaka anaulizwa ameingiza kiasi gani. Sote tunajua mambo yalikotokea. Sheria iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba ni ya 1963, nchi ina umri wa miaka miwili na haina kitu, na bado ilionekana kusoma ni jambo la kugharimiwa na wote. Miaka ya tisini tukaambiwa tuchangie gharama za elimu ya juu, 2004 ikaja sheria ya Bodi ya Mikopo, na taratibu kila idara ya chuo ikajifunza kuulizwa inaingiza nini. Idara ya uhasibu haiulizwi inaingiza nini, lakini maktaba inaulizwa. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema nisimchongee.

Kuna mzee mwingine, afisa nyuki mstaafu wa Sikonge, amejaza chumba kizima na vitabu na ripoti za miaka thelathini kazini. Wajukuu wanataka chumba. Anataka vyote viende maktabani, bure, na gari atatafuta mwenyewe. Nikampelekea meneja habari nikidhani nimeleta sherehe. Kuna fomu ya wabia. Ukurasa wa kwanza jina na anwani, wa pili thamani ya mchango, wa tatu unauliza kwa makadirio vitabu hivyo vitavutia wateja wangapi wapya kwa mwaka. Mzee aliusoma ukurasa wa tatu kwa miwani, akaugeuza akaangalia nyuma kama kuna mahali pa kuandika jibu refu. Fomu bado iko kwake.

Mengine kwa ufupi. Kudurufu ni shilingi 100 ukurasa, sawa na steshenari za nje, ila mashine yao haikwaruzi. Faini ya kuchelewesha kitabu ni 500 kwa siku na hawasamehi hata ukiwa msibani, nimeshuhudia. Namba ya WhatsApp inajibiwa haraka sana, hasa ukiuliza kuhusu malipo. Kabati za kuwekea mabegi zina funguo zinazofanana, chukua vitu vya thamani uingie navyo. Upande wa kiyoyozi ni baridi, beba kitenge.

Mkienda, chukueni Daraja la Kawaida. Fedha sirudii tena. Sofa zinatia usingizi na vitabu viwili kwa wiki havitoshi mtu anayeandika. Ukifika kaunta taja Research4Life kwa jina na uombe nywila, usikubali kuambiwa ni kifurushi, omba aitwe mkutubi. Wakiomba wengi ndipo itaandikwa kwenye ubao. Na ukiona kitabu kimekufaa ukakisomea mezani, kabla ya kukirudisha kipeleke kaunta ukaombe kiandikwe kimeazimwa, kisha kirudishwe palepale. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita waliomaliza mwaka jana wako pale mwaka wa kwanza, wanafanya hivyo kwa zamu kwenye rafu za historia na kilimo. Dada wa kaunta anawashangaa kidogo, lakini anaandika. Jumamosi wanafunga saa nane mchana, Jumapili hawafungui.